Uji wa oti usiotiwa sukari, mapishi ya fundi cherehani wa Ngamiani

Mara ya kwanza nilipika oti kama ninavyopika uji wa dona: maji yakachemka, nikamimina, nikashika mwiko na kukoroga nusu saa nzima. Mama mkwe akaingia jikoni, akainua mwiko, uji ukaja nao wote. "Mwanangu, huu ni wa kula au wa kubandikia matangazo?" Nikamwambia, "Nisamehe mama, leo nimeharibu." Asubuhi ile tulikula maandazi.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Saa moja na nusu kibanda kiwe wazi, na kabla ya hapo nina watoto wawili wa kuogesha na kuvalisha. Uji huu huchukua dakika 10 asubuhi, mradi kazi ndogo ya usiku imefanyika.

Tuanze dukani. Kuna pakiti zimeandikwa shayiri, lakini shayiri niijuayo mimi ni ile ya punje za duara tunayotia kwenye supu. Oti ni nafaka nyingine. Chukua ile ya vipande bapa, vipana, ambayo ukisoma orodha nyuma ya pakiti unakuta neno moja tu: oti. Punje zake zimepitishwa kwenye mvuke kisha zikabanwa, ndiyo maana zinaiva upesi. Ile ya punje zilizokatwakatwa ni nzuri lakini inataka karibu nusu saa motoni, na gesi yangu haina subira hiyo. Vile vipakiti vidogo vyenye ladha ya tufaha au asali, soma kwanza. Nilivinunua miezi kadhaa nikijiona nakula kiafya, kumbe kwenye orodha sukari ilikuwa ya pili baada ya oti yenyewe.

Kwa mtu mmoja pima nusu kikombe cha oti, yaani kama gramu 40, na kikombe kimoja cha majimaji: nusu maji, nusu tui. Tui niseme vizuri. Sitii tui zito, lile la kwanza ni la wali. Natia la pili, ulilokamua baada ya kuongeza maji kwenye chicha, jepesi kama maziwa yaliyotiwa maji. Nikikuna nazi jioni kwa ajili ya mchuzi, namalizia kwa kukamua la pili na kuliweka kwenye friji. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi linuse kwanza. Kwa joto letu la Tanga tui halikai, na likichacha hakuna iliki itakayolificha. Siku hiyo tumia maziwa au maji matupu.

Kazi yenyewe ya usiku ni hii: toa kokwa za tende tatu, zikatekate, ziloweke kwenye ile nusu kikombe ya maji. Twanga punje za iliki mbili. Basi, nenda kalale.

Asubuhi bandika sufuria na yale maji pamoja na tende zake, iliki, na chumvi kidogo sana, ile ya kushika kwa vidole viwili. Chumvi usiiache. Uji usio na chumvi ndio unaomfanya mtu atafute bakuli la sukari. Yakichemka, ponda tende kwa mgongo wa kijiko mpaka maji yawe rangi ya chai ya maziwa, kisha mimina oti na upunguze moto. Hapa ndipo nilipokosea siku ile: usikoroge kama una ugomvi nao. Geuza mara mbili tatu tu, isishike chini. Ukikoroga mfululizo oti inatoa ute wake wote na kuwa gundi.

Dakika ya nne hivi, tia tui. Moto uwe mdogo, maana tui likichemka kwa fujo linakatika, mafuta yanaelea juu na uji unaonekana kama umeharibika. Ponda nusu ya ndizi kisukari iliyoiva mpaka ganda limeanza madoa meusi, uitie humo. Epua uji ungali mwepesi kuliko unavyoutaka, ufunike dakika mbili. Utakaza wenyewe wakati unamfunga mtoto viatu.

Juu weka nusu ya ndizi iliyobaki, vipande, na karanga za kukaanga. Karanga zichague kwa mkono: iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu, tupa, kwa sababu ya sumukuvu. Kuikaanga hakuiondoi sumu hiyo. Kwa watoto wadogo zitwange, karanga nzima inapalia. Korosho au ufuta pia vinafaa, na msimu wa machungwa ya Muheza mimi hukwangua ganda la chungwa kidogo juu yake. Mama mkwe yeye hutia pilipili manga kama uji wa futari, na tangu aanze kufanya hivyo hajataja tena matangazo.

Neno moja kwa mwenye ugonjwa wa sukari: tende na ndizi ni sukari vilevile, hata kama hazikutoka kwenye mfuko wa duka. Punguza tende ibaki moja, ndizi iwe robo, karanga ziongezeke, na umuulize anayekutibu. Oti ina nyuzi zinazoyeyuka ambazo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, lakini haiwezi kufuta kila utakachomwagia juu.

Bei yake si ya kila wiki. Ikiniishia narudi kwenye ulezi, na tende, iliki na tui vinabaki vilevile. Ulezi ndio unaotaka kukorogwa, hapo mwiko ufanye kazi.

Na sufuria itie maji ya baridi papo hapo kabla hujatoka. Ukiiacha mpaka jioni, utaisugua kwa mchanga.