Somo: Kupiga picha ya wingu ili na mwenzako aone ulichokiona

Wiki iliyopita nilimwonyesha dada yangu picha ya wingu niliyojivunia sana. "Mwone jogoo huyo," nikamwambia. Akaitazama, akaigeuza simu huku na huku, akasema, "Kaka, mimi naona wingu tu."

Niliporudi kuitazama vizuri nikakiri kasema kweli. Jogoo alikuwa angani, kwenye picha hakuwemo. Upanga wa kichwani ulikuwa umeungua kwa mwanga, umebaki weupe mtupu. Mkia ulikatwa na ukingo wa picha. Na waya wa umeme ulipita shingoni kama umemnyonga. Hivyo somo hili sitalielekeza kwenye kupata picha nzuri ya anga. Hizo ni nyingi. Nataka mtu mwingine aone kile ulichokiona wewe, bila kuambiwa.

Hatua ya 1: Chagua wingu lenye umbo

Mwaka 1802 mfamasia mmoja wa London, Luke Howard, alitoa mhadhara akayapa mawingu majina ya Kilatini ambayo mpaka leo yanatumika. Kwa kazi yetu yanatosha matatu.

Stratasi ni lile blanketi la kijivu lililotanda anga zima. Likiwepo, pumzika.

Sirasi ni nyuzi nyembamba za juu kabisa, kwa kawaida zaidi ya mita 6,000, na ni barafu tupu. Hizi hutoa manyoya, mikia ya farasi, nywele zinazopeperushwa. Kwa kuwa ziko mbali sana, zinaonekana kwenda taratibu, kwa hiyo hazikukimbizi.

Kumulasi ndiyo mgodi wetu. Ni yale mafungu ya pamba yanayoanza kujitokeza asubuhi jua linapopata nguvu. Ardhi inapashwa joto, hewa inapanda, inapoa, na ikifika kimo fulani mvuke wake unageuka matone. Ndiyo maana kitako cha wingu hilo huwa bapa na juu huwa na mabonge: kitako kinakuonyesha kimo ambapo mvuke ulianza kugeuka matone.

Sasa sikiliza jambo lililonigharimu picha nyingi kabla sijalielewa. Wingu dogo la aina hii huishi dakika chache, pengine nusu saa, na linaliwa kutoka pembeni, kule linakogusana na hewa kavu. Sehemu nyembamba hutangulia kufa. Na sehemu nyembamba ni zipi? Ni masikio, mdomo, mkia, yaani zilezile zinazomfanya jogoo awe jogoo. Kiwiliwili kitabaki, lakini kiwiliwili peke yake ni bonge tu. Ukiona mdomo mzuri, usiseme ngoja nikachukue chaji.

Hatua ya 2: Litaje kabla ya kulipiga

Sema kwa sauti: "Jogoo." Kisha jiulize vitu gani vitatu vinamfanya awe jogoo. Wangu alikuwa na upanga, mdomo na mkia uliopinda. Hivyo vitatu lazima viingie kwenye picha na vionekane wazi. Vingine vyote ni ziada, na ziada ipunguze.

Ubongo wetu una pupa ya kutafuta sura. Vitone viwili na mstari chini yake tayari ni uso. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji waitumie pupa hiyo, wakodolee macho madoa ya ukutani, majivu ya moto na mawingu mpaka watokee watu na mandhari. Tatizo ni kwamba ubongo wako hujazia kilichokosekana, na ule wa mtazamaji hauna sababu ya kujazia. Ndiyo maana nasema hesabu vitu vitatu. Ukivikosa, furahia kwa macho, achana na kamera.

Hatua ya 3: Futa lenzi

Kwa kitambaa laini. Alama ya kidole mbele ya anga angavu inageuka ukungu. Tuendelee.

Hatua ya 4: Shusha mwangaza

Hapa ndipo picha nyingi za mawingu zinapofia. Kamera ikiona sehemu ya ardhi yenye giza hujaribu kuiangaza, na wingu likaungua. Weupe ulioungua hauna kivuli, na umbo ni kivuli: ni tofauti kati ya upande uliopigwa na jua na upande usiopigwa.

Kwenye simu, gusa sehemu nyeupe kuliko zote ya wingu, shikilia mpaka fokasi na mwangaza vijifunge, halafu telezesha kidole chini mpaka uone mikunjo ndani ya ule weupe. Ardhi itakuwa nyeusi. Iache iwe nyeusi.

Kwenye kamera kubwa, weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, na kile kipimo chenye alama za kuongeza na kupunguza kiweke kati ya −0.7 na −1. Ikikubali kuhifadhi faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata), hifadhi ghafi, kwa sababu kilichofichika gizani unaweza kukirudisha baadaye, kilichoungua huwezi.

Tusilalamike sana. Wapigapicha wa karne ya 19 walitumia vioo vilivyopakwa dawa iliyoshtuka mno kwa rangi ya buluu, kwa hiyo anga lote lilitoka jeupe na mawingu yakazama humo. Mfaransa Gustave Le Gray, miaka ya 1850, alikuwa akipiga bahari kwa kioo kimoja na anga kwa kingine, kisha anaviunganisha kwenye chapa moja. Wewe unatelezesha kidole.

Hatua ya 5: Sogea, kisha kata

Waya, tawi, ukingo wa paa: hatua tatu kushoto zinaweza kuviondoa vyote. Wingu halitabadilika kwa hatua zako tatu, lakini vilivyo karibu nawe vitahama. Tumia lenzi ya kukuza kama unayo, ila usitumie ule ukuzaji wa kutanua kwa vidole unaovunja picha. Afadhali upige pana, ukate baadaye.

Je, uweke ardhi kidogo chini au anga tupu? Alfred Stieglitz, aliyeanza kupiga mawingu mwaka 1922 huko Marekani, mara nyingi aliiacha ardhi nje kabisa, mtazamaji asijue juu wala chini. Ni picha nzuri mno. Kwa maumbo, hata hivyo, mimi napenda kipande kidogo cha ardhi: tembo anayetembea juu ya kilima anaaminika kuliko tembo anayeelea.

Hatua ya 6: Piga mfululizo, chagua moja

Moja kila sekunde kadhaa, mpaka umbo livunjike. Halafu kaa chini, futa zote ubakize moja. Hatua hii inauma, na watu wengi wanairuka.

Hatua ya 7: Uhariri mdogo

Jaribu nyeusi na nyeupe. Ukishusha ung'avu wa buluu kabla ya kuondoa rangi, anga linakuwa jeusi na wingu linachomoza kama limechongwa. Ongeza tofauti ya mwanga na kivuli kidogo, basi. Wingu likianza kufanana na sufi ya chuma umezidisha.

Hatua ya 8: Jaribio

Mpe mtu picha na ufunge mdomo. Usiseme "unaona nini hapo juu kulia?" Mpe tu.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, somo limetulia. Mimi nina filta ya polaraizi, kile kioo cha kuvalisha lenzi kinachokoleza buluu ya anga, lakini siku nyingine inafanya kazi na siku nyingine haina athari yoyote. Imeharibika?

Jibu: Haijaharibika, mkuu. Inafanya kazi vizuri zaidi ukiwa umelielekea anga lililo nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Nyoosha kidole cha shahada kulielekea jua, tanua gumba kama unaonyesha bastola, kisha zungusha mkono. Popote gumba linapoelekea ndipo anga litakapoiva. Ukilipa jua mgongo au uso, filta haikusaidii. Na kwa lenzi pana sana iache, itakupa anga lenye doa jeusi katikati.

Swali: Naweza kupiga jua likiwa nyuma ya wingu? Zile kingo zinazong'aa zinanivutia.

Jibu: Ndiyo, na zinachora umbo vizuri kuliko kitu kingine, kama mstari wa kalamu. Hakikisha jua limefichika kabisa nyuma ya wingu nene. Kama kamera yako ina kitundu cha kuchungulia kwa kioo, usichungulie, tumia skrini ya nyuma, maana wingu likisogea ghafla jicho ndilo litakaloumia.

Swali: Natamani kuonyesha umbo linavyogeuka. Video inachosha, dakika ishirini nani atatazama?

Jibu: Weka simu kwenye stendi, piga picha moja kila sekunde 5. Dakika 20 zinakupa picha 240, na ukiziendesha 24 kwa sekunde unapata sekunde 10. Funga mwangaza kwanza, la sivyo itameta-meta.

Swali: Samahani mwalimu, kuigeuza picha juu chini ili umbo litokee si kudanganya?

Jibu: Kwangu kugeuza ni halali, hata tukitazama anga tunalala chali tukageuza shingo. Kufuta kipande cha wingu ili pua ikae vizuri, hapo sikufuati. Ukishaanza hivyo, kachore tu.

Swali: Mimi navutiwa na mawingu ya radi. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini haya yananiita.

Jibu: Kumulonimbasi, lenye kichwa kilichobapaa mithili ya fuawe la mhunzi. Linapendeza likiwa mbali, na ukiwa mbali ndipo unapoliona lote. Ukisikia ngurumo, tayari uko karibu vya kutosha kupigwa: ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Swali: Wenzangu mnaona tembo na majogoo, mimi sioni kitu. Nina kasoro?

Jibu: Huna. Fumba macho nusu, maelezo madogo yapotee yabaki mabonge ya mwanga na giza. Ukikosa bado, acha weupe utazame buluu: mianya kati ya mawingu nayo ina maumbo, na wengi hawaiangalii. Au tafuta mtoto wa miaka mitano umkalie karibu.

Swali: Na dada yako je, ameshamwona jogoo?

Jibu: Jogoo hakurudi. Juzi nimempelekea kobe, nimefuata hatua zote, sikusema neno. Kajibu baada ya dakika moja: "Kofia nzuri." Nimeitazama tena, na sasa hata mimi simwoni kobe.