Namna ya kutafuta chanzo cha mtetemo na kelele za ekzosi kwenye pikapu

Nimeandika utaratibu huu baada ya kumkabidhi mwenyewe Hilux ya dizeli, injini ya 2KD, ambayo kazi yake ni kubeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kuja Iringa. Ikiwa tupu ilikuwa tulivu kabisa. Ikipanda mlima Kitonga na mzigo, mshale ukikaribia mizunguko 1,800 kwa dakika, kebini nzima ilivuma na kioo cha ndani kikatikisika hata dereva akawa haoni gari lililo nyuma yake. Kabla haijanifikia ilikuwa imekwisha kubadilishiwa krosi (viungo) za propela, ile shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, nami nikaongeza hasara kwa kubadilisha mauntingi za injini, yaani vishikizo vya raba inavyokalia, ambazo hazikuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa ekzosi, yaani mfumo wa mabomba ya moshi, na lilinila siku mbili.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni injini, si mwendo

Endesha gari kwenye barabara tambarare na uandike mtetemo unaanzia mizunguko mingapi. Kisha badili gia, urudi kwenye mizunguko ileile. Mtetemo ukijitokeza tena ilhali kasi ya gari ni tofauti, basi unafuata injini, na ekzosi imo katika orodha ya washukiwa. Ukifuata kasi ya gari na hata ukiweka gia huru unaendelea, shughulika na propela, senta beringi (beringi inayoishikilia propela katikati) na matairi. Jaribio la gia huru lisifanyike mteremkoni hata kidogo.

Hatua ya 2: Inua gari

Weka stendi chini ya ekseli ya nyuma, si chini ya chasisi. Ekseli ikiachwa ining'inie, nafasi iliyopo kati yake na bomba linalopita juu yake hubadilika, nawe utakuwa unapima kitu ambacho barabarani hakipo. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Hatua ya 3: Uvujaji

Fanya hivi asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, na uifanyie kazi nje, kwa sababu moshi wa injini una kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua. Mlio wa «tk, tk, tk» unaosikika injini ikiwa baridi na kupungua inapopata moto huashiria gasketi ya menifodi (chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda) au menifodi iliyopasuka: chuma kikipanuka, ufa hujiziba. Tafuta alama nyeusi za masizi kwenye maungio. Msaidizi akiziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholowa, kwa sekunde chache tu, sehemu inayovuja itazomea na utaisikia. Kwenye injini yenye tabo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini), uvujaji ulio kabla ya tabo huambatana pia na kupungua nguvu. Sipendi dawa za kupaka juu ya ufa; hudumu hadi safari ya tatu, halafu fundi anayefuata hupata kazi ya kuzikwangua.

Hatua ya 4: Gonga

Ekzosi ikiwa imepoa, ipige kwa nyundo ya mpira kuanzia mbele hadi nyuma. Mafla (kopo la kupunguza kelele) yenye vipande vilivyoachia ndani, au masega yaliyovunjika ndani ya katalisti, kifaa cha kusafisha moshi, hulia kama kokoto ndani ya kopo. Bati la kukinga joto hulia kwa sauti nyembamba, na mara nyingi dawa yake ni bolti moja.

Hatua ya 5: Tafuta mahali bomba linapogusa likiwa na moto

Hapa ndipo nilipopotezea muda, kwa sababu nilikuwa nikilala chini ya gari baridi na tupu, natazama nafasi nzuri ya milimita 6 hivi kati ya bomba la mbele na chuma kinachokatiza chasisi chini ya giaboksi, kisha natoka nikiwa nimeridhika. Nilisahau mambo mawili. La kwanza, chuma hurefuka kikipata moto: bomba la mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 300 za Selsiasi huongezeka urefu kwa karibu milimita 11, na urefu huo lazima uende mahali fulani. La pili, injini inapovuta mzigo huegemea upande mmoja juu ya mauntingi zake na kulivuta bomba pamoja nayo. Vyuma viwili vikigusana, chasisi hupokea mapigo ya injini moja kwa moja. Injini ya silinda 4 hulipua mara 2 kwa kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 1,800 kebini hupigwa mara 60 kwa sekunde.

Njia yangu sasa ni chaki. Ninapaka chaki nyeupe kila mahali ambapo bomba liko chini ya upana wa vidole viwili kutoka kwenye chasisi, giaboksi, ekseli na sakafu, kisha gari linapakiwa na kupandishwa mlima. Wapo wanaokanyaga breki na kuachia kluchi kidogo kidogo hapo hapo gereji ili injini iegemee. Inawezekana, lakini kluchi inaumia na anayesimama mbele ya gari anajihatarisha, hivyo mimi naona mlima ni salama zaidi. Kwenye Hilux ile chaki ilifutika mahali pamoja, na chini yake palikuwa na doa linalong'aa, dogo kama ukucha, ambalo nililipita mara tatu nikidhani ni mkwaruzo wa jiwe.

Chanzo kilikuwa uchomeleaji wa zamani. Bomba lilikuwa limeungwa likiwa fupi, kisha likavutwa kwa bolti za flanji (sahani za kuungia mabomba) mpaka likafika, likabaki limekazana kama upinde. Tiba yake ni kulegeza flanji zote bila kuzifungua, kuwasha injini mpaka ipate moto na bomba lijitafutie mahali pake, kuzima, halafu kukaza kuanzia upande wa injini kurudi nyuma. Vaa glavu nene. Ikiwa matundu ya flanji yamepishana zaidi ya nusu tundu, usilazimishe. Kata, ning'iniza bomba kwenye raba zake, lishikize kwa nukta za weldi likiwa hapo hapo kwenye gari, ndipo ulichomelee kikamilifu. Chomoa waya hasi wa betri kwanza.

Raba za kuning'iniza zinunuliwe mpya. Waya wa kufungia nondo haukubaliki kwangu, kwa kuwa unapeleka mtetemo wote kwenye chasisi, na mpira uliokatwa ubavuni mwa tairi kuukuu ni mgumu mno kwa kazi hii ingawa unauzwa kila mahali.

Hatua ya 6: Jaribu tena na mzigo

Paka chaki upya na upeleke gari mlima uleule. Hilux ile ilirudi kutoka Ruaha Mbuyuni jioni ikiwa na vitunguu. Nikalala chini na tochi, nikaikuta chaki ya kwenye chuma cha giaboksi imeshika vumbi la safari, haijafutika.