Taa ya nyuma ya baiskeli: iwake mfululizo au ipepese? Namna ya kuchagua na kupima

Taa ndogo za baiskeli siku hizi huja na mitindo mitano, sita, hata minane ya kuwaka, na karatasi ya maelezo haisemi upi ni wa kazi gani. Mwongozo huu ni wa anayerudi nyumbani baada ya jua kuzama, kwenye lami isiyo na taa za barabarani, magari yakimpita kwa kasi.

Hatua ya 1: Tenganisha mchana na usiku

Mchana, pepesa. Juani taa ndogo humezwa na mwanga, na kinachomshtua dereva ni ile hali ya kuwaka na kuzima.

Usiku mambo hugeuka. Gizani hata taa hafifu huonekana kwa mbali. Anachokosa dereva ni kujua uko umbali gani na anakukaribia kwa kasi gani, na jicho haliwezi kukadiria hayo kwa nukta inayopotea kila mara. Gari la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Taa ikimweka mara moja tu kila sekunde moja na nusu, gari limeshasogea zaidi ya mita 30 bila dereva kukuona tena. Kwa hiyo usiku taa kuu ya nyuma iwake mfululizo. Ukiwa na uwezo wa taa mbili, ya pili ipepese taratibu. Ukiwa na moja tu, tafuta mtindo ambao taa hubaki ikiwaka kwa mwanga mdogo kisha huongezeka ghafla, bila kuzima kabisa. Mimi huo ndio ninaoupendekeza kuliko yote.

Hatua ya 2: Pima mtindo kabla ya kuuamini

Hapa ndipo watu hupoteza muda, kwa sababu macho hudanganya na simu nayo hudanganya kwa namna yake.

Anza kwa kuhesabu: mimweko ya sekunde 15, zidisha kwa 4. Inayofaa ni kati ya 60 na 120 kwa dakika. Sheria ya Uingereza, iliyoruhusu taa za kupepesa mwaka 2005, inataka kati ya 60 na 240, kwa vipindi vilivyo sawa. Ujerumani hairuhusu taa ya mbele wala ya nyuma ya baiskeli kupepesa. Mtindo wa kasi ambao huwezi hata kuuhesabu uache. Mimweko inayozidi mitatu kwa sekunde inaweza kuanza kumletea kifafa mtu ambaye kifafa chake huchochewa na mwanga, na humchosha kila aliye nyuma yako.

Kisha pima muda wa giza. Rekodi taa kwa video ya mwendo wa polepole, si video ya kawaida, kwani ya kawaida inaweza kukosa mmweko mfupi. Simu ikirekodi picha 240 kwa sekunde na kuzionyesha 30 kwa sekunde, kila kitu kimepunguzwa kasi mara 8: giza la sekunde 4 kwenye kioo ni nusu sekunde barabarani. Ikirekodi 120, gawanya kwa 4. Giza likizidi nusu sekunde, usiutumie mtindo huo peke yake usiku.

Angalia haya:
- Simu nyingine huacha mwanzo na mwisho wa video katika kasi ya kawaida. Pima katikati.
- Funga kiwango cha mwanga kwa kubonyeza kioo kwa muda, la sivyo kamera itajirekebisha kila taa inapozima.
- Taa inayowaka mfululizo huweza kuonekana inatetemeka kwenye video. Mara nyingi si mbovu. Taa nyingi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima mamia ya mara kwa sekunde. Ipunge haraka gizani: ukiona mstari wa vidoa badala ya mstari mmoja, ni hilo tu, na dereva haoni tofauti.
- Rudia kipimo baada ya saa mbili za kuwaka. Kuna taa ambazo betri ikipungua huhamia zenyewe kwenye kupepesa.
- Zima, washa tena. Zipo zinazokumbuka mtindo wa mwisho na zipo zinazoanza upya na mtindo wa kasi. Jua idadi ya mibonyezo.

Hatua ya 3: Funga

Taa ielekee nyuma, sambamba na barabara. Bomba la siti limelala kwa nyuma, kwa hiyo taa iliyobanwa hapo bila kabari huinamia lami. Weka kipande cha tyubu chini yake uinyanyue. Ukibeba madumu au magunia, taa ya siti imefunikwa: ihamishie mwisho wa mzigo au kwenye madigadi. Acha kiakisi chekundu mahali pake, hakihitaji betri.

Mkiwa msafara, wa nyuma kabisa tu ndiye apepese.

Hatua ya 4: Mbele

Nyeupe, mfululizo, katikati ya mwanga igonge ardhi mita 5 hadi 10 mbele. Ukipepesa usiku huoni mashimo. Nyekundu mbele usiweke kamwe: dereva atadhani unaelekea anakoelekea yeye.

Hatua ya 5: Betri

Kwa taa ya nyuma ya betri mbili za AAA (zile ndogo nyembamba), za kuchaji zinatosha. Zikiwa mbili hutoa volti 2.4, na LED nyekundu huhitaji takriban 2. LED nyeupe ya mbele hudai karibu 3, hivyo bila saketi ya kupandisha volti itafifia. Hiyo inunue yenye betri ya lithiamu ya ndani.