Kuimbisha si kuimbia: somo kwa wanaoanza kuongoza sifa

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo nililoahidi ndilo hili. Naandika nikiwa Kibirizi, hapa Kigoma, ambako nusu ya washirika wetu wanaishi kwa dagaa, kwa hiyo mifano yangu itanuka ziwa kidogo. Mnivumilie.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza, tulifanya mazoezi wiki nzima, sauti zote nne zikakaa, na sare mpya juu. Baada ya ibada mama mmoja mzee akanishika mkono: "Mwanangu, leo mmetuimbia vizuri sana." Nilifurahi mpaka nafika nyumbani, ndipo lile neno likaniingia. Mmetuimbia. Yaani yeye hakuimba! Kwaya ina zamu yake ya kuliimbia kanisa. Kazi ya kiongozi wa sifa ni kuliimbisha.

Hatua ya kwanza: mtafute mchungaji mapema, Jumatano au Alhamisi, umuulize atahubiri andiko gani. Akija na toba wakati wewe umemaliza kwa pambio la kuruka, mtavutana kamba mbele za watu.

Hatua ya pili: chagua nyimbo. Kwa dakika 25, nyimbo 5 zinatosha: mbili za shangwe, moja ya kushukia, mbili za kuabudu. Mpya iwe moja tu, na irudiwe Jumapili tatu kabla hujaleta nyingine. Tenzi za kitabuni msizidharau. Wazee wanazijua kwa moyo, wakizianza utasikia sauti ya pili na ya nne zinajitokeza zenyewe.

Hatua ya tatu: ki, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaimbiwa, juu au chini. Hapa ndipo tunapoharibu. Kijana anasikia wimbo kwenye simu, aliyeurekodi ana koo la peke yake, naye anauleta kanisani kwenye ki ileile. Mshirika wa kawaida hajapasha sauti, pengine hata chai hajanywa. Mimi natafuta noti ya juu kabisa ya wimbo na kuhakikisha haipiti D. Wimbo unaopanda mpaka so (noti ya tano ukihesabu kuanzia do), ukiupiga do ikiwa G, ile so inaangukia D na karibu kila mtu anaifikia. Uupeleke do iwe C ya juu yake, so inakuwa G: akina mama wanakaza shingo, akina baba wanasoma matangazo ukutani.

Halafu lijue kanisa lako. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo mitumbwi inapumzika. Jumapili za mbalamwezi mabenchi yetu ya nyuma yanajaa akina baba na sauti ya nne inatikisa mabati. Jumapili za giza wengi ndio kwanza wametoka ziwani, na wake zao wako kwenye chanja wanaanika. Zile nyimbo za kupokezana, akina baba wakiuliza na akina mama wakijibu, naziweka akiba kwa mbalamwezi. Msicheke, natazama mwezi kabla ya kupanga nyimbo.

Hatua ya nne: mazoezi. Msirudie wimbo mzima mara kumi. Rudieni mianzo, miisho, na pale mnapotoka wimbo mmoja kuingia mwingine, maana huko ndiko watu wanakopotea. Kubalianeni alama: kidole juu, tunarudi kwenye ubeti, ngumi, tunamaliza, kiganja chini, vyombo vinyamaze zibaki sauti. Mwishoni zimeni kila kitu mwimbe hivyohivyo, kwa sababu umeme hauna adabu ya kusubiri "Amina".

Hatua ya tano: ibada yenyewe. Mwombe fundi mitambo apunguze spika mpaka mtu aweze kumsikia jirani yake akiimba. Asipomsikia, naye atanyamaza. Usihubiri katikati ya nyimbo. "Mwambie jirani yako" mara moja inatosha (mimi ningesema hata hiyo imezidi). Kabla ya kila ubeti tamka maneno yake ya kwanza, haraka, ili asiye na kitabu apate pa kushika. Na kwenye kiitikio cha mwisho, rudi nyuma hatua moja, uache maiki, usikilize. Wakiendelea bila wewe, umewaimbisha. Wakinyamaza, rudi uwashike, na wiki ijayo shusha ki.

MASWALI

Kutoka Kasulu: Mtumishi, sisi hatuna kinanda, tuna ngoma na kayamba tu. Ki nitaipataje?
Jibu: Kabla ya kuingia, nenda nyuma ya kanisa, uimbe kwa sauti ndogo ule mstari unaopanda kuliko yote. Ukikaza koo, anza chini zaidi. Kosa la wengi ni kupima kwa mstari wa kwanza, ambao kwa kawaida uko chini.

Kutoka Uvinza: Mpiga kinanda wetu anaingiza sebene (mapigo ya kucheza) watu wakiwa wameinama wanaomba. Nimemkonyeza, haangalii.
Jibu: Usimkonyeze, wala usimkemee kwenye maiki. Mfuate siku ya mazoezi, mkiwa wawili. Mara nyingi hajui mnaelekea wapi kwa sababu hakupewa mpangilio. Mpe karatasi yake.

Kutoka Ujiji: Mwalimu, mimi sikubaliani. Roho akishuka utafuata orodha?
Jibu: Mama, hapo umenishika pazuri. Mimi mwenyewe nimeshaitupa orodha katikati ya ibada tukakaa kwenye kiitikio kimoja mpaka mchungaji akapanda akilia. Lakini Paulo anasema, "nitaimba kwa roho, tena nitaimba kwa akili pia." Niliweza kuitupa kwa sababu wapigaji walizijua alama, kiganja kilishuka, wakanyamaza.

Kutoka Katonga: Je, mapambio ya Kiha? Kuna wageni hawaelewi.
Jibu: Imbeni. Chukua lenye kiitikio kifupi, kiimbe Kiha mara mbili, kisha Kiswahili, halafu rudi Kiha. Mgeni mara ya tatu anakuwa ameshashika. Bibi wa benchi la mbele, yeye ameshasimama tangu neno la kwanza.