Gari Linaloendeshwa kwa Nadra: Jinsi ya Kuzuia Betri Isilale

Gari likikaa wiki tatu, ukageuza ufunguo likajibu "tik-tik-tik", usikimbilie kununua betri mpya. Mara nyingi betri ni nzima, ila imenyonywa kidogo kidogo na vifaa vinavyoendelea kufanya kazi gari likiwa limezimwa: saa, kumbukumbu ya kompyuta ya injini, alamu, kipokezi cha rimoti. Ulaji wa kawaida ni kati ya miliampia 20 na 50. Kwa miliampia 50, betri inapoteza 1.2Ah (ampia-saa, kipimo cha umeme ulio ndani ya betri) kila siku, kwa hiyo betri ya 45Ah hufika nusu baada ya siku 19 hivi. Ulaji ukipanda hadi miliampia 150 kwa sababu ya traka na redio zilizoungwa ovyo, nusu hiyo hufika kabla ya wiki kwisha. Joto la pwani nalo huiongezea betri kasi ya kujimaliza yenyewe, hata ikiwa haijaungwa na kitu chochote.

Nusu ndiyo mpaka wa kuuheshimu. Betri ya risasi na asidi ikikaa muda mrefu chini ya hapo, salfeti hugandamana kwenye bati zake, na kiasi cha umeme inachoweza kushika hupungua moja kwa moja. Betri mpya iliyoachwa tupu miezi miwili inaweza kuwa imekwisha kabisa.

Kuwasha dakika kumi hakusaidii

Wengi hulitoa gari usingizini kila Jumamosi, likaunguruma dakika kumi, kisha wakalizima. Kwa ulaji wa miliampia 50, wiki nzima imeondoa zaidi ya 8Ah. Betri haipokei chaji kama ndoo chini ya bomba: hupokea kwa kasi mwanzoni, halafu inazidi kuwa nzito. Kwa dakika kumi za sailensa (injini ikiunguruma polepole gari limesimama), tena AC ikiwa imewashwa, unarudisha sehemu ndogo tu, na kila wiki deni linaongezeka. Isitoshe, injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu kwenye oili na ekzosi. Ama liendeshe barabarani dakika 30 hadi 45, AC na taa zikiwa zimezimwa kama hali inaruhusu, ama uliache.

Pima kwanza

Nunua multimita, hata ya bei nafuu. Acha gari lipumzike usiku kucha, kisha pima volti kwenye vichwa vya betri. 12.6 na kuendelea ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 chaji leo hii. Injini ikiunguruma, kwenye magari mengi unatarajia 13.8 hadi 14.4. Ikiwa chini ya 13.5 muda wote, mwite fundi umeme aangalie alternata (mtambo unaochaji betri) na mkanda wake. Ila baadhi ya magari mapya hupunguza chaji yenyewe kwa makusudi, kwa hiyo pima tena ukiwa umewasha taa kubwa.

Kumtafuta mnyonyaji

Zima kila kitu na utoe ufunguo. Fungua boneti, na usukume komeo la mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa. Hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A. Legeza kichwa cha hasi kwa spana namba 10, kisha ukitoe, na weka mita katikati: ncha moja kwenye kichwa cha betri, nyingine kwenye kishikio cha waya ulioutoa. Sasa subiri. Kompyuta za gari huchukua dakika 20 hadi saa nzima kulala, na anayesoma mita mapema atadhani gari lina hitilafu. Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo. Fyuzi yake itakatika papo hapo.

Ikibaki juu ya miliampia 50, chomoa fyuzi moja moja ukiangalia mita. Fyuzi itakayoishusha ghafla ndiyo njia ya mnyonyaji. Anza na vilivyoongezwa baada ya gari kununuliwa: traka, alamu, redio, kamera ya dashibodi, kifaa kilichochomekwa chini ya usukani. Halafu taa ya buti na ya kijisanduku cha dashibodi, ambazo swichi zake huganda bila mtu kuona. Kama fyuzi zote hazibadilishi kitu, shuku dayodi za alternata, yaani vipande vinavyozuia umeme kurudi nyuma.

Gari likikaa zaidi ya wiki mbili

Njia ya bei nafuu ni kutoa waya wa hasi. Hasi hutangulia kutoka na hufuatia mwisho kurudi, kwa sababu spana ikigusa bodi ukiwa kwenye chanya, utaona cheche za kutisha. Kabla ya hapo, tafuta namba ya siri ya redio, na iarifu kampuni ya traka, maana watadhani gari limeibwa. Kwenye Prius nyingi, betri ya volti 12 iko nyuma na buti hufunguka kwa umeme. Ukiitoa, usilibamize buti. Haibridi (magari ya injini na mota ya umeme, kama Prius) zinazobaki zimeungwa zichajiwe kwa kuziweka kwenye READY, yaani tayari kuendeshwa, nusu saa au zaidi, nje ya gereji iliyofungwa. Ukishalizima, ufunguo usioingizwa uwe mbali na gari.

Kama una umeme karibu na maegesho, chaja ya kujizima yenyewe ni bora zaidi. Kwa 45Ah, ya ampia 4 au 5 inatosha. Unga klipu kwanza, chomeka ukutani baadaye, na mahali pawe na hewa, kwani betri inayochaji hutoa hidrojeni. Kwa betri ya maji, hakikisha bati zimefunikwa; ziongeze maji yaliyokenekwa (distilled), kamwe si asidi.

Betri ikiwa imechajiwa hadi mwisho, ikapumzika saa 12 ikiwa imetolewa kwenye gari, kisha ikasoma chini ya volti 12.4, hiyo sasa ni ya kubadilishwa.