Namna ya Kuona Seli Zikigawanyika katika Ncha ya Mzizi wa Kitunguu

Mzizi wa kitunguu hurefuka kwa sababu seli zilizo karibu na ncha yake hugawanyika mfululizo, kila seli ikitoa mbili zenye kromosomu zilezile, yaani nyuzi zinazobeba taarifa za urithi. Mgawanyiko huo huitwa mitosisi, na hadubini ya kawaida ya shule inatosha kuuonyesha. Inasikitisha kwamba wanafunzi wengi humaliza masomo ya biolojia wakiwa wamenakili hatua zake kutoka ubaoni bila kuona hata seli moja halisi, ingawa kitunguu kinapatikana kila soko. Kitunguu kinafaa kwa sababu kromosomu zake ni 16 tu na ni kubwa, ilhali binadamu ana 46 zilizo ndogo zaidi.

Anza kwa kuotesha mizizi. Chukua kitunguu maji kikavu, kwangua mizizi mikavu ya zamani bila kukiumiza kitako, kisha kiweke kwenye mdomo wa glasi ili kitako kiguse maji kidogo tu, na ubadilishe maji kila siku. Baada ya siku 2 hadi 4 utapata mizizi myeupe yenye urefu wa sentimita 1 hadi 3. Baadhi ya vitunguu vya sokoni huwa vimetiwa dawa ya kuzuia kuchipua, kwa hiyo ni busara kuotesha zaidi ya kimoja, au kutumia punje za kitunguu saumu, ambacho nacho kina kromosomu 16.

Kata sentimita moja ya mwisho ya mizizi kadhaa, uitumbukize katika mchanganyiko wa sehemu 3 za ethanoli na sehemu 1 ya asidi asetiki isiyozimuliwa, na uiache humo hadi saa 24. Mchanganyiko huu huua seli ghafla na kuzisimamisha pale zilipofika, nawe ukumbuke jambo hilo utakapotazama baadaye: hutaona seli ikitembea kutoka hatua moja hadi nyingine, bali seli nyingi zilizokatizwa, kila moja katika wakati wake. Mizizi usiyoitumia siku hiyo ihamishie katika ethanoli ya asilimia 70 na uiweke kwenye jokofu.

Kisha weka mizizi michache katika asidi hidrokloriki ya 1 M (moli 1 kwa lita) kwa dakika 5 kwenye nyuzi 60 za Selsiasi. Pasipo na kifaa cha kudhibiti joto, chupa ya chai yenye maji yaliyopimwa kwa kipimajoto huhifadhi joto hilo kwa muda unaohitajika. Chupa ndogo ya kioo yenye asidi na mizizi ikae ndani ya maji hayo, na chupa hiyo ya chai isitumike tena kwa kinywaji. Asidi huyeyusha pektini inayogandamanisha kuta za seli, na bila hatua hii seli hazitaachana hata ukibonyeza kwa nguvu kiasi gani. Vaa miwani ya kinga na glavu, na usiiweke ethanoli karibu na moto.

Suuza mizizi kwa maji, uweke mmoja juu ya slaidi, kisha ukate kwa wembe milimita 2 za mwisho na kutupa sehemu iliyobaki. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa sababu ncha halisi ni ile iliyochongoka, wala si upande uliokatwa. Dondoshea rangi ya asetokarmini au aseto-orsini, ipondeponde ncha kwa sindano, na usubiri dakika kadhaa. Funika kwa kioo chembamba, weka karatasi ya chujio juu yake, na ubonyeze kwa dole gumba wima kabisa, kwa maana kioo kikiteleza pembeni seli huviringika na kuchanika.

Tafuta kwanza kwa ukuzaji wa mara 100. Ukiona seli ndefu za mstatili, umekata mbali na ncha. Unazozitaka ni ndogo, karibu mraba, zenye viini vikubwa. Hapo panda hadi mara 400. Seli nyingi zitakuwa katika interfezi, yaani kipindi cha kati ya mgawanyiko mmoja na mwingine, kiini kikiwa duara lenye rangi iliyoenea, na huo ndio wakati ambapo DNA, kemikali ya urithi iliyomo katika kromosomu, hunakiliwa. Katika profezi kiini huonekana kama kimejaa nyuzi zilizosokotana. Katika metafezi kromosomu hujipanga katikati ya seli, kila moja ikiwa na kromatidi mbili, yaani nakala mbili zinazofanana zilizoshikana. Anafezi ndiyo hatua ya kutafutwa kwa subira: kromatidi zimeachana na makundi mawili yanavutwa kuelekea ncha mbili za seli, mikono ya kromosomu ikiburuzika nyuma, 16 upande huu na 16 upande ule. Katika telofezi viini viwili huundwa upya, na kati yake mstari mwembamba wa ukuta mpya huanza kujengwa kutoka katikati kwenda pembeni, tofauti na seli ya mnyama ambayo hujibana kutoka nje.

Chora ulichokiona, hata kama hakifanani na mchoro wa kitabu. Kisha hesabu seli zote katika eneo moja na zile zinazogawanyika: zikiwa 18 kati ya 200, kiwango cha mgawanyiko ni asilimia 9. Hesabu pia kila hatua peke yake. Kwa kuwa seli zilisimamishwa zote kwa pamoja bila kujipanga, hatua inayochukua muda mrefu hukutwa katika seli nyingi, na hatua ya haraka hukutwa katika chache. Ndiyo maana profezi utaziona kwa wingi, na anafezi huenda ukalazimika kuhama maeneo kadhaa ya slaidi kabla ya kupata moja iliyo safi.