Jinsi ya kukokotoa ukuaji wa uwekezaji Tanzania bila kupotoshwa na bei wala mwaka wa kizio

Nimeandika haya baada ya kumsaidia mwanafunzi anayeandika tasnifu. Grafu yake ilionyesha uwekezaji umeruka ndani ya mwaka mmoja, na hakuna mradi uliotosha kueleza mruko ule. Tatizo lilikuwa kwenye hatua ya 3, kwa hiyo hapo nitakaa zaidi.

Hatua ya 1: Chukua takwimu. Tumia vitabu vya Hali ya Uchumi wa Taifa, jedwali la Pato la Taifa kwa upande wa matumizi. Chukua ukuzaji wa rasilimali za kudumu tu, yaani matumizi ya mitambo, majengo, barabara na kadhalika. Mabadiliko ya bidhaa ghalani yaache: korosho ambazo hazijauzwa si mtambo wala barabara. Tarakimu ziandike kwa mkono kwenye Excel. Kunakili kutoka PDF huvuruga koma, siwashauri kabisa.

Hatua ya 2: Ondoa bei. Tumia jedwali la bei za mwaka wa kizio (mwaka mmoja ambao bei zake hutumika kupimia miaka yote), si la bei za miaka husika. Tuseme uwekezaji ulikuwa shilingi 100, ukawa 112, huku saruji, nondo na mitambo vikipanda bei kwa asilimia 9. Gawa 112 kwa 1.09: ukuaji halisi ni kama asilimia 2.8 tu. Na usigawe kwa mfumuko wa bei unaotangazwa kila mwezi. Kapu lile la bidhaa na huduma za kaya lina unga, nauli na kodi ya nyumba. Halina kreni wala transfoma.

Hatua ya 3: Unganisha misururu, yaani takwimu za miaka mfululizo zilizopimwa kwa kizio kimoja. Tanzania imetumia mwaka wa kizio 2001, kisha 2007, kisha 2015. Kizio cha 2007 kilipotangazwa Desemba 2014, Pato la Taifa lilionekana kubwa kwa takriban theluthi moja. Hakuna kiwanda kilichojengwa usiku ule. Kilichobadilika ni upimaji. Ukipanga mwaka wa msururu wa zamani kando ya mwaka wa msururu mpya ukakokotoa ukuaji, unapima kazi ya watakwimu.

Tafuta mwaka uliomo katika misururu yote miwili, na ikiwa ipo mingi chagua wa mapema kabisa katika msururu mpya. Kama zamani ulisomeka 200 na sasa 250, uwiano ni 1.25. Zidisha miaka yote ya nyuma yake kwa 1.25. Ukuaji wa miaka hiyo utabaki ulivyokuwa, ila ngazi itapanda ilingane na mpya.

Kila mstari una uwiano wake. Usichukue wa Pato la Taifa ukaupachika kwenye uwekezaji. Baada ya kuunganisha, sehemu hazitajumlika kuwa jumla kamili. Ziache hivyo, usizilazimishe. Anza na kitabu kipya kabisa ukirudi nyuma, kwa sababu takwimu za miaka ya karibuni hurekebishwa. Msururu wa dola usiuguse, maana humo shilingi ikishuka thamani uwekezaji nao huonekana umeanguka.

Hatua ya 4: Kokotoa ukuaji. Tarakimu zilizounganishwa zikiwa safu ya B kuanzia B2, andika =B3/B2-1 kando ya mwaka wa pili, kisha buruta chini.

Hatua ya 5: Soma matokeo. Ukuaji ukishuka kutoka asilimia 15 hadi 5, uwekezaji bado umeongezeka. Umepungua pale tu tarakimu inapokuwa hasi. Angalia pia miradi mikubwa. Reli ya SGR ilianza kujengwa 2017, na Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 likafuata. Matumizi huhesabiwa kadiri kazi inavyofanyika, kwa hiyo ukuaji hupanda mradi unapoanza, hufika sifuri matumizi yakibaki palepale, na huweza kuwa hasi mradi ukikamilika, wakati umeme ndio kwanza unaingia gridini. Ndiyo maana napendelea wastani wa miaka mitatu.

Mwisho, linganisha na uagizaji wa bidhaa za mtaji katika taarifa za kila mwezi za Benki Kuu. Mitambo mingi hutoka nje, hivyo mistari hiyo miwili kwa kawaida huenda pamoja. Ikiachana sana katika mwaka mmoja, rudi hatua ya 3 uangalie kama mwaka huo ndio ulipounganishia.